Taa za Matanga

Jumapili, 8 Juni

Leo nimefungua sanduku la taa za chama chetu cha mazishi. Bukoto yote, kazi hii wangempa nani mwingine? Jeshini nilifukia betri ya redio ndani ya chungu, vita vikaisha, nikaifukua – ikaamka inaimba. Kamanda alinipigia saluti.

Basi. Hizi ni za kuchaji, betri zake za madini ya risasi. Zikikaa tupu zinakufa. Unazijaza, unazima swichi, unaziweka pasipo joto, na kila miezi mitatu unazionjesha umeme. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya Ramadhani. Nikazipanga barazani, nikavuta waya.

Kaltumi, mke wa kaka Asuman anayeugua ndani, akatoka na beseni. Tunakaa ua mmoja.

"Shemeji, unamngoja nani?"

Nikasema ni kazi ya chama tu. Akasema mwenye nyumba wake bado anapumua. Nikachomoa waya.

Jumatano, 18 Juni

Kaka hanywi hata uji. Figo, hospitali wamesema. Jirani Siraje ananitania: eti mlinzi wa taa anaogopa taa. Nikamwambia mimi nimelala na chatu Karamoja. Akacheka. Mimi sikucheka.

Nikizichaji, mtaa utasema nimeshamzika. Kuzipeleka kwingine? Sanduku lenyewe kila mtu analijua. Nisipochaji, watu watakaa gizani kwenye matanga ya mtu aliyenisomesha mpaka darasa la nne.

Jumamosi, 28 Juni

Nimejaribu taa moja chumbani kwangu. Imewaka kama kichwa cha sigara, ikazimika. Nyingine – kimya.

Mchana kaka ameniita. Sauti ndogo. Akauliza, taa zako zimeonja umeme? Nikamdanganya: zimejaa, zinaweza kumulika kilima cha Naguru mpaka kileleni.

"Wewe na Naguru yako," akasema. Akatabasamu, bambi, maskini kaka. Kisha akanikumbusha matanga ya baba, giza lile, wageni wanakanyagana uani. Yeye hataki hivyo.

Jumatatu, 30 Juni

Nimezichomeka zote. Barazani, mchana, anayetaka aone. Vijitaa vyekundu vya chaji vimewaka. Mbili hazionyeshi kitu, nazipigapiga.

Kaltumi ametoka. Nilishajiandaa kumwambia ni kaka mwenyewe ametaka. Hakuuliza. Amevuta kigoda, amekaa karibu na waya. Ndani kaka anakohoa, tunasikiliza wote.

Nimemwambia zitachukua muda mrefu, zimekaa sana bila kitu.

"Zichukue muda wake tu, shemeji," amesema. "Zisiharakishe."