Sentensi Niliyoiruka

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikangoja kidogo kwa mazoea, kana kwamba utaitikia.

Tangu tukuzike hapa kihambani, shambani kwa ukoo, nyuma ya migomba, wageni wa mlimani, wale uliokuwa ukiwaongoza, wameongezeka. Biashara sasa ni huria, na kila mwenye gari mjini Moshi amekuwa kampuni ya utalii. Hilo ungelicheka tu. Lisilochekesha ni kwamba wanapanda mlima na makala ya yule bwana mkononi. Unamkumbuka: mwandishi wa safari kutoka Dar es Salaam, mpenda milima na hewa safi, aliyelala kwetu siku mbili, akanywa mbege yako, akaondoka akiwa mtaalamu wa nchi nzima. Kazaliwa nchi hii hii, lakini anaitazama kama aliyeshuka kwenye ndege asubuhi. Hata mvua ya masika anaieleza kana kwamba aliigundua yeye.

Kuhusu isale, jani letu la kuombea radhi, ambalo ulinifundisha kwamba hata mwenye kisasi akiletewa hulipokea na kunyamaza, ameshauri: "Chumeni moja, ni pambo zuri la kofia." Basi wanapita barabarani na majani kofiani, wakikiomba radhi kijiji kizima bila kujua kosa lao. Jirani yetu Mama Ndeshi alimsimamisha mmoja mwenye kaptula, akamwambia kwa upole: "Nimekusamehe, baba. Ila ungeniambia kwanza ulifanya nini."

Juzi walimshusha kijana mmoja kwa machela ya gurudumu moja, midomo imebadilika rangi. Alimwacha kiongozi wake nyuma akakimbilia juu. Yu hai. Mfukoni mwake walikuta makala ile ile.

Ninamdharau mwandishi yule kwa moyo wote. Nilianza kumwandikia mhariri wake barua yenye hoja saba, kila hoja na ushahidi wake. Nilikwama kwenye ya tatu, kwa sababu hoja ya tatu ni mimi.

Unakumbuka siku gazeti lenye makala hiyo lilipofika? Miwani yako ilikuwa imevunjika. Ulikuwa unapaka buti mafuta, ukasema, "Msomi, hebu nisomee." Nikasoma kwa ile sauti yangu ya chuo kikuu. Nilipomaliza, hukuinua macho. "Kuna mahali umeruka," ulisema. "Ulikwenda haraka pale katikati." Nikakana. Nikasingizia wino uliofifia. Ukaendelea na buti. Wewe uliyewatazama wageni usoni tu ukajua nani arudishwe chini kabla hajaumwa kichwa, ungeshindwaje kunisoma mimi?

Niliruka, Baba Mkubwa. Sentensi yenyewe ni hii:

"Msomi mmoja wa huko huko alinidokeza kuwa viongozi wazee huwatembeza wageni polepole kwa sababu wao wenyewe wamechoka, usiwasubiri."

Nilimwambia hivyo wewe ukiwa jikoni unamchemshia chai. Hakuniuliza. Nilijitolea. Nilitaka mtu wa magazeti aone kwamba mimi si wa ukoo wa wabeba mizigo, ilhali ni miguu yako hiyo niliyoiita michovu iliyonifikisha kwenye digrii ninayojivunia. Yeye aliandika upuuzi kwa kutojua. Mimi nilikuwa najua. Kwa hiyo dharau niliyomwekea, sehemu yake kubwa nimeichukua mwenyewe.

Barua ya hoja saba nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi, yenye jina langu kamili, inayosema nani alitamka maneno yale, na kwamba ni uongo. Asubuhi naipeleka posta. Wasipoichapisha, nitawaandikia tena, mpaka wachoke wao.

Halafu nitapanda mlima na buti zako. Zinanipwaya, kwa hiyo hata nikitaka kukimbia sitaweza.

Hili isale nimelichuma mwenyewe, nimelifunga fundo, na nitaliweka juu ya kaburi pamoja na karatasi hii. Ungekuwa hai, mila ingekulazimisha ulipokee. Sasa uko huru kulikataa.

Pumzika, Baba Mkubwa. Safari hii sijaruka neno.