Plasta ya Mama Mkwe

Shoga, leo nimeumbuka!

Niko nyumbani, kwenye kikao cha mtandaoni, kamera ya laptopu imegoma. Giza tupu. Nimezima, nimewasha, nimekagua mipangilio yote, wapi! Nikamwakia fundi wa ofisi mbele ya wote: "Mmenipa kimeo!"

Fundi, taratibu: "Dada, hebu pitisha kidole pale juu ya skrini."

Plasta. Plasta ya kidonda, shoga!

Kabla sijasema kitu, mama mkwe akadakia nyuma yangu: "Nimebandika mimi! Napita hapa na taulo, wanaume wa watu wanikodolee macho?"

Na maikrofoni iko wazi!

Bosi: "Sasa ibandue, tuendelee."

Nibandue? Nikaikandamiza zaidi. "Muombe mwenyewe, huyu hapa."

Mama mkwe akasogeza kiti mbele ya laptopu.

Shoga, bosi akasema sauti inatosha.