Kurasa Nne Zimemshinda Fundi Saa

Mwenzangu, hebu nisikilize. Natoka kwa binamu sasa hivi, tulikuwa na ule mchezo wetu wa mezani, kila mtu na mhusika wake, dadu ndizo zinaamua.

Yule fundi saa tunayecheza naye, mhusika wake ni mganga mwaka mzima sasa. MWAKA! Leo tena anauliza, “Nirushe dadu ipi?” Mtu anayefungua saa na kuirudisha bila kubakiza skrubu, kurasa nne za kanuni zimemshinda!

Nikamwambia, “Jitu zima hovyo, soma!” Akacheka. “Si wewe upo, unazijua zote.” Nisikufiche, kichwa kilivimba.

Basi mhusika wa binamu akaangushwa, roho inamtoka. Fundi, aliyeshatibu mara moja siku hiyo ya mchezo, akataka kumtibu. Nikamkatiza: “Mganga hutibu mara moja tu kwa siku, hata hilo hujui?” Mhusika akafa, binamu akachana karatasi ya mhusika huyo aliyemlea miaka miwili.

Ndipo fundi akafungua kitabu kwenye zile kurasa za kanuni. Mara yake ya kwanza! Akasoma taratibu, kidole kwenye mstari: mara TATU kwa siku.

Mstari wenyewe umepigiwa wino wa kijani. Kitabu changu. Kalamu yangu.

Akanigeukia, mpole kama maji mtungini: “Sasa nirushe dadu ipi?”