Chungu Kiko Motoni, Bibi

Bibi yangu,

Nakusalimu kwa amani, kama ulivyotufundisha kuwasalimu walio makaburini kabla ya neno jingine lolote. Sisi hatujambo. Mpunga umeingia ghalani. Nimelitanguliza hilo kwa sababu wewe habari ulipenda ianzie mwisho. "Nambie kwanza kama kapona, halafu ndiyo unieleze ugonjwa." Basi tumepona, Bibi. Sasa nikueleze ugonjwa.

Ulituacha mpunga ukichanua. Siku ya arobaini yako Jumbe alikuja na fimbo yake, akala, akakuombea, kisha akasema mbele ya watu kwamba nyumba ya yatima bila Bibi ni vyumba tu. Mpunga ukivunwa wote, tutakaa. Ukipotea, hatakuwa na la kutulisha, na kila mtoto atarudishwa kwa watu wake: Tabu mdogo wetu aende Salale kwa baba zake wadogo, mimi Mloka kwa mjomba ambaye hata sura yake siikumbuki. Tabu alishika pindo la kanga yangu, hakuliachia mpaka usingizi ulipomchukua.

Tukaingia bondeni wenyewe. Asubuhi tulipanda dunguni, juu ya kile kilingo chako cha miti, kuamia ndege, tukapiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Jua likipanda tulishuka na visu kukata masuke. Unaijua mikono yetu. Tukikata pembe hii, ndege wanakula pembe ile, na nguruwe wakifika wanalala kabisa ndani ya mpunga kama wamealikwa. Na majirani hawakuja, Bibi. Wale wale waliokuwa wakijaa shambani kwako wakiimba, sasa walipita kwenye ujia, wakasema "Poleni na kazi, wanangu," wakaenda zao. Hata Mzee Ngwele, uliyesema anasikia harufu ya wali wako akiwa ng'ambo ya mto.

Tabu akasema, "Wametususa. Walimpenda Bibi, sisi hawatupendi."

Nikaenda kwa Bi Hadia, kwa kuwa shamba lake limepakana na letu na kwa kuwa wewe ulimwita mdomo usio na kifuniko. Nikamwamkia, nikamuuliza wazi tumewakosea nini. Akaacha kupepeta.

"Kuwasusa? Mwanangu we! Bibi yenu akituita tulikuwa tunakuja, tunavuna, tunakula, chungu chake. Sasa chungu ni cha yatima. Nile wali wa yatima tumbo langu liwake moto?"

Nikamwambia basi waje wasile.

"Waje kwako warudi na njaa? Utatuaibisha, ujiaibishe na wewe."

Nikasema waje na chakula chao. Hapo ndipo alipoudhika kweli. "Mtu aende kwenye kazi ya mwenziwe na chungu kichwani? Hilo ni tusi, Siwema. Bibi yako angefufuka."

Nilirudi nyumbani nikicheka na kulia. Walikuwa wanatupenda, Bibi. Walitupenda mpaka mpunga ukawa unaliwa na ndege.

Kesho yake baada ya chuo cha Kurani nilibaki nyuma, nikamweleza Mwalimu Pazi. Akaniuliza, "Ramadhani iliyopita ulifunga?"

"Nilifunga, Mwalimu."

"Kwa kujaribu, au kwa faradhi?"

Nikakumbuka ile jioni uliponiita chumbani, ukafunga mlango, ukaniambia sasa nimekuwa mkubwa, mwaka huu sifungi nusu siku kama Tabu, na uji wa mchana nisiuangalie hata kwa jicho moja. Nikasema, "Kwa faradhi. Bibi ndiye aliyeniambia."

"Basi wewe si yatima tena," akasema. "Uyatima una mwisho wake, nao ni kubaleghe. Kilicho chako ni chako, na unaweza kumkaribisha umtakaye."

Lilikuwa neno jema, lakini nilisimama nyuma ya chuo nikalia kidogo. Tangu nilipofika kwako nililichoka jina hilo, na lilipoondoka nikaona baridi.

Kisha nikakumbuka kipande changu. Ulimpa kila mmoja wetu kipande apande kwa mkono wake, changu ukanipa kando ya mkondo, nami nikanung'unika kwamba kina matope mengi. Ukasema, "Matope ndiyo wali." Niliuvuna mpunga wa kipande kile, nikautwanga, nikapepeta, nikamwomba Mwalimu Pazi aje auone, aseme mbele ya Bi Hadia kwamba ni wangu. Nilijua Bi Hadia akishasikia, bonde zima limesikia.

Asubuhi iliyofuata nikapanda dunguni kwako. Nilikuwa nimekuona ukiita mara nyingi, nikasimama pale pale ulipokuwa ukisimama. Nikaita, "Haya jamani! Chungu kiko motoni!"

Mzee Ngwele akajibu kutoka dungu la pili: "Chungu cha nani?"

"Changu! Siwema!"

"Siwema tangu lini ana chungu?"

"Tangu Ramadhani!"

Nikasikia kicheko kinatembea bondeni, dungu hadi dungu, na watu wakaanza kushuka na visu vyao. Walikuja wengi kuliko vipande vya kambare nilivyopika. Waliimba zile nyimbo zako, Bibi, na zile mbili ulizokuwa ukitufukuza tusizisikie. Wali wangu ulizidi chumvi. Mzee Ngwele alitia tonge la kwanza, akafumba macho, akasema, "Moto wa yatima tumeukwepa, tumeangukia bahari ya Siwema." Lakini alirudia sahani.

Jumbe alipokuja kutazama ghala, alilitazama mpaka juu. Hakusema la kurudisha mtu. Aliuliza tu kama nazi ipo. Mafungu ya wajane na ya mzee kipofu wa njia ya Kibiti tumeyapeleka kama ulivyokuwa ukiyapeleka, kwa mlango wa nyuma ili asione mtu.

Shuleni mwalimu wetu anasema nikifanya vizuri huenda nikapelekwa shule ya wasichana, nirudi nimekuwa mwalimu. Sijui. Nasoma, na maji yakipungua tutapanda mahindi na kunde kwenye udongo utakaoachwa na mto. Mengine namwachia Mungu.

Tabu ameapa mwaka huu atafunga hadi alasiri. Siku itakapokuwa faradhi kwake, Bibi, nitafunga mlango nimwambie mwenyewe, kwa upole, kama ulivyoniambia. Kisha nitampa kipande kile cha kando ya mkondo, nimpishe dunguni aite, na mimi nitakuwa chini na kisu changu pamoja na majirani, nikisubiri kuitwa. Hiyo ndiyo ahadi yangu. Nikiwa mbali shuleni, nitarudi kwa ajili yake.

Mungu alipe kaburi lako nafasi na mwanga. Lala, Bibi. Ndege tunawaamia sisi.

Mjukuu wako,
Siwema