Uso Ukutani kwa Hemedi

Jumatatu, 6 Oktoba 1952
Chokaa tangu asubuhi. Duka la mchinjaji kwanza. Yule ng'ombe wa miguu mitano, aliyewachekesha hata watu wa Nyangwe, kwisha. Amri ya Bwana Mkubwa, mtawala Mbelgiji: michoro yote ya zamani sokoni Kasongo ifutwe, kila duka liandikwe namba. Mgeni wake anafika Jumapili. Mimi ndiye mchoraji, basi mimi ndiye mfutaji. Kazi mbaya.

Jumanne, 7 Oktoba
Karani kanipa orodha. Duka la Hemedi, fundi cherehani, limo. Nilijua.
Mwanamke aliyechorwa pale, ameinamia cherehani, ni mama yetu. Baba alimchora yeye kwa sababu hakujua kuchora uso mwingine. Mama hakuwahi kushona hata kifungo. Alikufa akimzaa mdogo wangu Sifa. Picha nyingine hatuna. Jua limekula rangi ya nguo, mkono mmoja umebanduka, lakini uso upo.
Sifa hajauona. Mama mdogo alimchukua Kabambare akiwa na siku tatu. Kila mwaka namwambia, njoo mwakani, barabara ikiwa nzuri. Mjinga mimi.
Nimempa dereva wa kamio, lile lori la Kabambare, barua ya Sifa. Njoo kabla ya Jumamosi.

Jumatano, 8 Oktoba
Mvua. Nimepaka maduka mawili, ningeweza sita. Nimemwaga debe la chokaa makusudi. Karani ameona.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hakuna kamio. Nimekwenda barabarani mara nne.

Ijumaa, 10 Oktoba
Karani kaja na polisi. Kesho saa sita mchana kwa Hemedi kuwe kweupe, la sivyo fimbo. Naogopa fimbo. Nimejaribu kuunakili uso kwenye karatasi. Unatoka wa mtu mwingine. Nimechana karatasi tatu. Baba alikuwa mchoraji. Mimi naandika namba tu.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nilianza saa tano, kutoka chini. Miguu, cherehani, mkono. Polisi amekaa kwenye kiti cha Hemedi. Hemedi mwenyewe aliingia ndani, hakutaka kuona.
Nilikuwa shingoni niliposikia kamio. Lilikwama siku mbili matopeni. Sifa alishuka na udongo mpaka magotini. Nilimwonyesha kwa burashi.
Alisogea mpaka ukutani. Polisi akasema saa imefika. Sifa hakumgeukia.
"Yaya," aliniambia, maana mimi ndiye mkubwa wake, "huyu iko mutoto. Mimi nimemupita miaka."
Sikuwahi kufikiri hivyo. Ni kweli. Mama alikufa na miaka ishirini na mmoja. Sifa ana ishirini na minne. Mimi nina nywele nyeupe mbili tatu, na bado nilikuwa namtazama kama mtu mzima kuliko mimi.
Akamgusa shavu. Rangi ikabaki kidoleni kama vumbi. Kisha akachukua burashi mkononi mwangu, akampaka chokaa yeye mwenyewe, polepole, macho yakawa ya mwisho.
Nililia mbele ya polisi. Sijali.

Jumapili, 12 Oktoba
Mgeni wa Bwana Mkubwa amepita sokoni ndani ya gari. Hakushuka.
Sifa amepika sombe, majani ya mihogo. Ameniambia habari za mumewe, za mihogo iliyooza, za mama mdogo asiyesikia tena. Anacheka kwa pua. Baba hakucheka hivyo. Mimi pia sicheki hivyo. Labda mama alicheka hivyo.
Nimemwuliza kama anaweza kukaa mpaka Ijumaa. Amesema atakaa.