Gari Lililoshibishwa na Mteremko

Papa,

Gari limefika nyumbani Kingi. Naanza na habari hii kwa sababu hukupenda mtu azunguke. Nikirudi kutoka shule Goma na maneno mengi mdomoni, ulikuwa unaniambia, "Sifa, shusha kwanza muzigo, salamu itafuata." Basi nimeshusha. Gari limelala kwenye kibanda kando ya mto, chini ya shamba lako la viazi, na waya wa umeme uko ubavuni mwake. Mimi nimepanda kwa miguu mpaka huku kileleni, nimeketi pale pale wenzako walipokuweka chini, nakuandikia juu ya goti.

Sasa nikusalimu. Mama ni mzima. Tulikimbia mara mbili tangu ulipotuacha, tukalala Sake katika darasa la shule, tukarudi. Mara ya pili tulikuta mlango umechukuliwa, lakini chukudu yako, ile baiskeli ya mbao uliyobebea magunia, ilikuwa bado imeegemea ukuta wa nyuma. Sijui kwa nini waliiacha. Labda waliona mbao tu.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi, au huikumbuki kabisa, sijui huko kunakuwaje. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake. Mafuta hayakuwa yakipanda. Pikipiki zote za Kingi zilikuwa zimesimama chini ya migomba, na Fuso ya Papa Paluku, yule mfanyabiashara wa Butembo, ilikuwa na dereva, ilikuwa na magurudumu mapya, haikuwa na tone. Tumbo lako lilikuwa gumu kama ubao. Wenzako wa chukudu wakafunga blanketi kwenye mianzi, wakakubeba kwa tipoyi, wakipokezana mabega, mimi nikitembea kando nimeshika mguu wako. Walipofika hapa wakakuweka chini wapumue. Ukafungua macho, ukawatazama, ukasema, "Mbona mumesimama? Tuko karibu kushuka."

Ni hayo tu, na yalikuwa maneno yako ya mwisho. Upande wa Sake ulikuwa mbele yetu, ziwa lilikuwa linaonekana, hospitali iko kule chini. Hukushuka upande huo. Walikugeuza, wakakurudisha Kingi.

Siku tulipokuzika nilisema moyoni kwamba mtu wa Kingi hatasubiri tena mafuta ili apone. Nilikuwa bado mwanafunzi. Sikujua nasema nini. Nilijua tu kwamba maji yanapita chini ya shamba letu mchana na usiku, wala hayaulizi barabara iko wazi au imefungwa.

Ndiyo maana nilipomaliza masomo sikubaki Goma. Papa Paluku, uliyekuwa unamshushia maharagwe na viazi Sake, alitaka kinu cha kusaga mahindi Kingi. Nikamtengenezea mtambo mdogo wa umeme wa maji. Siku taa ya kwanza ilipowaka Mama alifunika mdomo kwa mikono miwili, kisha akauliza kama maji yale bado yanafaa kunywa.

Halafu Papa Paluku akaja na simu yake. Unamjua jinsi alivyo. Hawezi kuona kitu kikubwa bila kukitaka. Alikuwa na picha ya gari refu jeusi, la umeme mtupu, lenye moteri yake kwenye kila gurudumu. Nguvu za gari lile zilipita Fuso zake zote zikiunganishwa.

"Angalia hii munyama, Sifa," akasema. "Inatoka hapa, inafika Goma mbele ya kumaliza Salamu Maria moja."

"Kwa barabara gani, Papa Paluku?"

"Barabara itakuja. Gari ndiyo inatangulia."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Yeye alikuwa anatazama mbio. Mimi nilikuwa natazama kwamba hakuna mahali pa kutia mafuta. Nikamweleza: mto wa Kingi unaweza kulilisha, kidogo kidogo, usiku kucha, hata barabara ikifungwa mwaka mzima. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei. Mwisho akasema, "Sikia. Ikifika Kingi, itabaki Kingi. Bidhaa ni zangu, lakini mugonjwa anapita mbele ya bidhaa, ata saa gani. Ikishindwa na hii milima, naipeleka Goma naiuzisha, na wewe unarudia kwa kinu yako."

Basi nikaanza kungoja.

Papa, sikuwa nimewahi kungoja kitu namna hiyo. Gari lilikuwa baharini, nami sijaona bahari. Likafika Mombasa. Likapita Kampala. Likakwama mpakani, likavuka, likaingia Goma, kisha barabara ya Sake ikafungwa tena na likakaa ndani ya uwanja wa ghala, nyuma ya ukuta, karibu nasi kabisa na halifikiki. Mimi huku nachimba mfereji, naongeza waya, nainua kibanda. Nyuma ya vilima bunduki zilikuwa zinalia. Watu waliokimbia kutoka upande wa Walikale walipita na magodoro kichwani, wakasimama kuuliza kibanda kile ni cha nani.

"Cha gari."

"Gari iko wapi?"

"Inakuja."

Walinitazama kwa huruma. Wao, waliobeba magodoro, walinihurumia mimi.

Vijana wa pikipiki wanaotoka Pinga walikuwa wanapiga honi wakipita: "Dada Sifa! Bwana-arusi amefika?" Mama naye alisema, "Unangojea hii gari sawa vile wenzako wanangojea bwana. Angalau bwana angekuja na mbuzi." Lakini mmoja wa vijana wale, siku moja mvua ilipomkwamisha kibandani, aliacha utani akaniuliza polepole kama gari litaweza siku moja kufika Pinga. Nilimwambia sijui. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu zuri.

Kuna jambo moja nililolifikiria sana katika kungoja kule, na sikumwambia mtu kwa sababu lilikuwa lako. Unakumbuka kipande cha tairi ulichopigilia nyuma ya chukudu, juu ya gurudumu, cha kukanyaga wakati wa kushuka? Nilipokuwa mdogo nilikusukuma wakati wa kupanda, mikono yangu yote miwili mgongoni mwako, shati lako limelowa. "Sukuma, mukubwa wangu," ulikuwa unasema, nami nilijiona kweli ndimi ninayekupandisha. Tukifika hapa kileleni unaniketisha juu ya magunia, unaweka mguu kwenye tairi lile, na tunashuka. Harufu ya mpira unaoungua ilinifuata mpaka darasani. Siku mwalimu alipotufundisha kwamba breki haiui mwendo, inaugeuza kuwa joto na kuutupa hewani, niliinamisha kichwa juu ya dawati. Niliuona mguu wako. Asubuhi nzima ya kupanda, jasho lako lote, vikatoka kama moshi chini ya kandambili yako kabla hatujafika Sake.

Gari hili halitupi. Ukiinua mguu kwenye mteremko, moteri zinageuka kuwa mtambo kama ule wa mtoni, na kilima kinajaza bateri. Nilisoma hivyo katika karatasi. Niliamini kama ninavyoamini mahesabu. Sikujua kuamini ni nini.

Barabara ilipofunguliwa, lori likatoka Goma na gari mgongoni, limefunikwa turubai. Papa Paluku alinichukua mpaka Sake, tupande nalo. Bariera ya kwanza, watu wenye bunduki wakainua turubai. Unajua wanachokitaka kwanza.

"Fungua reservoir. Litre tano."

"Haina reservoir, chef," nikasema.

"Mafuta yake iko wapi?"

"Haina mafuta."

"Sasa inakulaka nini?"

"Maji ya Kingi," akajibu Papa Paluku, na sijawahi kumwona anajivuna vile.

Yule chef alizunguka gari lote, akainama chini yake, akanusa. Kweli alinusa. Akamwambia mwenzake, "Waache wapite. Hii kitu haina harufu." Alisema kwa sauti ya mtu aliyeingia kanisani na kofia.

Mvua ilinyesha usiku uliotangulia, na manyunyu yalikuwa bado yanaanguka. Chini kidogo ya kilele hiki, kwenye kupanda kwa mwisho, lori likazama mpaka ekseli na likakataa. Tukalishusha gari kwa mbao. Nilikaa mbele ya usukani, nikaliwasha. Halikulia. Kioo tu kilifunguka kama jicho. Kukaa kwake kote Goma kulikuwa kumelikausha: asilimia mbili zilibaki. Nikakanyaga. Likasogea hatua chache kwenye tope, likapunguza nguvu zake lenyewe, na kwenye kioo ikatokea picha ndogo ya njano. Kobe.

Papa, ungekuwepo! Wenzako walikuwa wanashuka na chukudu zao, wamesimama kutuangalia. Papa Bahati, aliyekuwa mbele upande wa kulia wa tipoyi yako, akaingiza kichwa dirishani.

"Ile ni nini inaonyesha?"

"Kobe, Papa Bahati. Inasema imechoka."

Akageuka kwa wenzake, akaita kwa sauti yake ile ya sokoni: "Eeeh! Muone! Papa Paluku amevuka bahari, ameleta kobe!"

Walicheka mpaka wengine wakaketi kwenye magunia. Papa Paluku hakucheka. Uso wake ulikuwa umejifunga, nami nilijua anafikiria Goma na mnunuzi. Niliona kibanda kitupu. Niliona tipoyi inapanda tena hapa na mtu mwingine ndani yake.

Nikatoka nje kwenye tope. Nikawaambia, "Mutusaidie kuisukuma mpaka juu tu. Kutoka juu itajishibisha yenyewe."

"Itajishibisha na nini?"

"Na mteremko."

Kicheko kikaanza upya. Papa Paluku akasema, "Kusukumwa si kufika, Sifa." Ndipo Papa Bahati akaacha kucheka, akamwambia, "Papa Paluku, ata Fuso yako tunaisukumaka kila mvua. Mbona hujaiuzisha?" Akalaza chukudu yake kando ya barabara. Akaja nyuma ya gari, akaweka mikono. Wengine wakamfuata, wengine wakafunga kamba mbele. Nilimwacha dereva wa lori ashike usukani, kwa sababu sikuweza kukaa ndani. Nilikwenda nyuma, kati ya mabega yao, nikaweka mikono yangu miwili kwenye mgongo wa gari. Ulikuwa umelowa kwa mvua. Mtu mmoja akaanza wimbo wenu wa kupanda, na nikasukuma.

Tukafika hapa. Walisimama kupumua, na wote wakatazama chini, mahali hapa. Papa Bahati alivua kofia, akaikamua maji, akaivaa.

Nikaingia. Papa Paluku akakaa kando yangu. Tukaanza kushuka upande wa Kingi, na nikainua mguu.

Nikuambie vipi? Hakuna sauti. Nilisikia mawe chini ya tairi. Nilisikia maji ya mfereji wa barabara, nikasikia ng'ombe kwenye malisho ng'ambo ya bonde, na mwanamke anaita mtoto wake kwenye shamba. Ni wewe tu uliyewahi kunishusha kilima hiki nikisikia dunia hivyo. Gari lilijizuia lenyewe, kwa upole, kama mtu anayekushika mkono mahali penye utelezi. Sikukanyaga kitu. Hapakuwa na harufu ya kuungua. Wenzako walikuwa wamezifuata chukudu zao, wakazipandisha kileleni na kugeuza njia, wakaja nyuma yetu na kandoni, wanapiga miluzi, mabawa ya makoti yao yako hewani.

Mbili ikawa tatu.

Nililia, Papa, nasema kweli. Tatu! Kila kitu tulichosukuma kwa mikono kilikuwa kinarudi, si chote, lakini kinarudi, nakiona kimeandikwa mbele yangu. Pale kwenye kona ya mikaratusi ikawa nne na kobe akatoweka. Tukavuka tambarare ya bonde kwa nguvu zake, watu wanatoka nyumbani, Mama yuko mbele ya kibanda na khanga begani, hajui kama apige vigelegele au apige magoti. Alifanya vyote.

Papa Paluku alibaki ameketi. Nikamuuliza, "Papa Paluku, ni Salamu Maria ngapi?"

"Niache," akasema. "Nimesahau ata kuanza." Kisha akafungua mlango, akakanyaga udongo wa Kingi, na bila kunitazama akasema, "Itabaki."

Imebaki.

Sijui vita vitatuachia kitu hiki mpaka lini. Wanaweza kulichukua kesho, sijidanganyi. Lakini limelala kando ya mto wako na linajaa, na mpaka sasa hakuna mtu Kingi anayeangalia kama Fuso ina tone.

Nimechelewa, ukungu unapanda. Ninakuaga hapa, Papa, na ninakuachia ahadi moja, na ndani yake kuna kuomba radhi. Nitakapopita na mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, naenda Sake, sitasimama hapa kukusalimia. Usinihesabie ubaya. Ziwa litakapoonekana nitainua mguu tu, na wewe utajua: tunashuka.

Mkubwa wako,
Sifa