Kombaini Tano Zilizogoma Kuvuna kwa Jirani

KITUO CHA SHERIFU, WILAYA YA DUNMORE, JIMBO LA NEBRASKA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Leota Vondracek
Umri: Miaka 61
Kazi: Dereva wa basi la shule; wakati wa mavuno, dereva wa lori la nafaka
Makazi: Shamba la Vondracek, kaskazini mwa mji wa Bruska
Mbele ya: Naibu Sherifu Milo Kucera

Nimeitwa hapa kama shahidi. Kama mkishanisikia mtanibadilishia cheo, hilo ni lenu.

Mnamo tarehe 19 Oktoba, siku ya Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilifika na lori kwa jirani yangu Verlin Sedlacek. Verlin alikuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo huko Omaha siku mbili kabla na alikuwa bado hajazinduka. Mahindi yake yote yalikuwa shambani, mabua yameoza chini, na redio ilikuwa imetangaza upepo mkali kuanzia Jumapili. Mahindi yakishalala, kombaini haiyaokoti. Kwa hiyo tulifanya kama tunavyofanya huku mtu akiugua wakati wa mavuno: kila mmoja aliacha shamba lake akaja na alichonacho. Zilikuja kombaini tano.

Ya kwanza ilikuwa ya Duane Hromas. Ilifika kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, ikazima visu vyake, ikasimama. Duane alichungulia dirishani.

"Inaniambia shamba si langu."

"Kweli si lako."

"Najua si langu, Leota. Tangu lini kombaini ikaulizwa?"

Nyingine nne zilifanya vilevile. Kwenye skrini zao yalitokea maandishi kwamba, kwa mujibu wa sheria ya kulinda taarifa za mkulima, mashine haitavuna shamba la mtu mwingine mpaka mwenye shamba aridhie kwa simu yake mwenyewe.

Sheria hiyo naijua. Miaka miwili iliyopita ofisa wa serikali alikuja kwenye ukumbi wa kanisa akatuambia kwamba kampuni za mashine zinachukua habari za mashamba yetu na kuziuza, na kwamba serikali itazikomesha. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Sheria ikapita, na kampuni iliyotuuzia kombaini ikaitii kwa namna yake: haikuacha kuchukua habari, ilizuia mashine. Ukiilalamikia kampuni, inakuonyesha serikali. Ukiilalamikia serikali, inakurudisha kwa kampuni. Asubuhi ile nilipiga namba ya ofisi ya jimbo, nikasikia sauti ya kurekodiwa ikinishukuru kwa uvumilivu wangu. Mimi sina uvumilivu, na niliiambia hivyo hivyo ingawa ilikuwa mashine.

Ardith, mke wa Verlin, alijaribu kwa simu yake, ikakataa. Shamba lina jina la Verlin peke yake, na Verlin alikuwa kitandani Omaha na mpira wa kupumulia kooni, simu yake imefungiwa kabatini hospitalini.

Saa tano hivi alifika kijana mmoja kutoka makao makuu ya kampuni, anaitwa Tripp Callaway. Cheo chake ni Mlezi wa Furaha ya Wateja. Alikuwa amesikia kwamba majirani wanamvunia mgonjwa, akaja na kamera na boksi la kofia ili atupige picha za matangazo. Alimwomba Duane arudi nyuma na kombaini, kisha aje tena akitabasamu.

"Haivuni," nikamwambia. "Mmeifunga nyie."

"Mama, nawasikia. Kwa kweli kabisa nawasikia."

"Kama unasikia, fungua."

"Kufungua naweza, hata hapa hapa kwenye kompyuta yangu. Ila lazima watu wa sheria waidhinishe kwanza, na wenyewe wako kambini mlimani, wanajenga moyo wa umoja. Mpaka Jumatatu."

"Umoja si huu umekwama hapa," Duane alisema. "Wangekuja tu kuuangalia."

Tripp alicheka, akampa kofia.

Nilitazama mahindi ya Verlin na mawingu ya magharibi, nikahisi hasira. Yule mtu amelima miaka arobaini. Akikosa mavuno haya, benki inachukua ardhi, na hakuna aliyekuwa pale asiyelijua hilo.

Saa saba Ardith aliandaa chakula nyuma ya pikapu: nyama, kabichi na kolache, vimkate vitamu vyenye plamu ndani. Alimkaribisha na Tripp. Gari la Tripp lilikuwa limeziba njia ya malori, naye alikuwa amelifunga. Nilimwambia huku wakati wa mavuno ufunguo unakaa garini, ili anayezibiwa njia asogeze mwenyewe. Alisema amependa sana utamaduni huo, akaenda akaufungua mlango na kuuacha ufunguo ndani.

Nililisogeza gari lile. Lori langu halikuwa na haraka, halikuwa na hata punje. Nasema ukweli. Kompyuta ilikuwa wazi kwenye kiti cha abiria, na kwenye skrini yake kombaini zetu zimepangwa, kila moja na kitufe cha kuruhusu. Nilibonyeza cha kwanza. Ikaniuliza sababu. Niliandika: jirani anaumwa. Ya pili ikauliza tena, nikaandika vilevile. Kufika ya tano niliandika maneno ambayo Naibu Sherifu ameniomba nisiyarudie hapa.

Madereva walipanda kujaribu tena, na visu vikaanza kuzunguka. Tripp, kolache mdomoni, alipiga makofi akidhani wakubwa wake wamejibu, akakimbilia kamera. Picha zake zipo. Kampuni ilizitangaza Jumapili, na Jumatano ikaja hapa kushtaki.

Tulimaliza giza likiingia. Upepo ulikuja kama redio ilivyosema, ukalaza kila kilichokuwa kimesimama, pamoja na eka arobaini zangu.

Jumanne Verlin alizinduka sawasawa. Ardith alimrudishia simu yake, na ndani yake kulikuwa na maombi matano ya kampuni ya tangu Jumamosi, moja kwa kila kombaini, yakingoja ridhaa. Verlin hana kawaida ya kukubali kitu chochote kinachotoka kwenye simu. Bila miwani, alibonyeza kataa, mara tano. Sasa kampuni inasema tulivuna kinyume na matakwa ya mwenye shamba. Nilikwenda Omaha kumwuliza.

"Verlin, mbona umekataa?"

"Walikuwa wanataka kitu."

"Walikuwa wanataka tukuvunie mahindi."

"Si mngekuja kuniuliza wenyewe?"

"Ulikuwa na mpira kooni."

Halafu akauliza, "Yalikuwa makavu?"

"Makavu."

Aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa shuka. Ardith akanituma kahawa ambayo hakuna aliyeitaka.

Jana ofisa wa jimbo alinipigia simu. Alifurahi sana. Alisema hili ni shauri la kwanza ambapo sheria imefanya kazi kikamilifu, maana mkulima aliulizwa na jibu lake limehifadhiwa. Nilimwuliza kama amewahi kuona mahindi yaliyolala. Akasema hilo haliko chini ya kitengo chake.

Kompyuta sikuiba. Niliiacha palepale kwenye kiti, ndani ya gari, mbele kidogo ya lilipokuwa. Nimesomewa haya yote. Ni maneno yangu, na Verlin akiugua tena mwakani, nitabonyeza tena.

Sahihi: L. Vondracek

MAELEZO YA OFISA: Shahidi amezungumza kwa hiari na kutia sahihi mbele yangu. Naandika pia kwamba Jumamosi hiyo, nikiwa nje ya zamu, niliendesha trekta la kuvuta tela la nafaka shambani kwa Sedlacek tangu saa nane mchana hadi giza. Kwa hiyo shauri hili haliwezi kubaki mikononi mwangu. Nimemwomba Sherifu alichukue yeye. Amejibu kwamba hawezi, kwa kuwa kombaini ya tatu ilikuwa yake.

M. Kucera, Naibu Sherifu